Gari kuukuu na mafuta yanayopotea: kwa nini mwaka wa kutengenezwa hautoshi

Malalamiko ni yale yale, iwe katika gereji za Buyenzi mjini Bujumbura, za Gerezani jijini Dar es Salaam au za barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Mwenye gari huja akisema kwamba gari lake, ambalo mwaka jana lilikuwa likienda kilomita 14 kwa lita moja ya petroli, sasa halizidi 11. Jibu analopewa mara nyingi huwa fupi: gari limezeeka, limeanza kula mafuta. Jibu hilo la fundi mwenye haraka ndilo linalotolewa pia na serikali nyingi za ukanda huu zinapopanga sera za magari yaliyotumika. Sheria huuliza gari lilitengenezwa mwaka gani. Ni nadra kuuliza linayachomaje mafuta.

Swali la kwanza ni jepesi, kwa kuwa mwaka umeandikwa kwenye hati. La pili ndilo lenye fedha ndani yake. Dereva wa teksi anayetembea kilomita 150 kwa siku, gari lake likishuka kutoka kilomita 14 hadi 11 kwa lita, atahitaji lita 13.6 badala ya 10.7. Tofauti inakaribia lita tatu kwa siku, na kwa mwezi wenye siku 26 za kazi ni zaidi ya lita 75. Kwa bei yoyote ya pampu katika ukanda huu, hicho ni kiasi cha kodi ya nyumba au karo ya mtoto.

Hasara hiyo haiishii mfukoni mwa dereva. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, na tangu wakati huo petroli na dizeli zinazotumika Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi huagizwa zikiwa tayari zimesafishwa, zikashushwa hasa Mombasa, Dar es Salaam na Tanga, na kulipiwa kwa dola. Nchi zisizo na bandari huongeza juu yake gharama ya malori. Burundi imeonja uchungu wa jambo hilo kuliko majirani wake wote: upungufu wa fedha za kigeni umeacha vituo vikavu kwa vipindi virefu, foleni zikawa za siku nzima, na petroli ya madumu kutoka Uvira na Kigoma ikawa tegemeo la wengi. Katika hali hiyo, lita tatu zinazopotea kila siku katika gari moja, zikizidishwa kwa maelfu ya magari, ni suala la hazina ya taifa.

Umri kama kipimo

Chimbuko la mengi ya magari hayo ni Japan. Huko gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kodi ya mwaka ya gari la petroli hupanda likishatimiza miaka 13. Wajapani wengi huona nafuu kuliuza gari kuliko kuendelea kuligharamia, nalo hupakiwa melini likiwa bado na nguvu zake. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, iliyotolewa mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 Umoja wa Ulaya, Japan na Marekani ziliuza nje magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14, na kwamba asilimia 40 hivi ya magari hayo yaliletwa Afrika.

Kila nchi huyapokea kwa mlango wake. Kenya haikubali gari lililozidi miaka 8, na hudai cheti cha ukaguzi kabla gari halijapakiwa melini. Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, imefunga mlango kwa gari lililozidi miaka 15. Tanzania haijafunga, hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililopita miaka 8, na mkubwa zaidi likipita 10. Rwanda hupanga ushuru wake wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, na haipokei magari yenye usukani wa kulia kwa kuwa hupita upande wa kulia wa barabara. Burundi nayo hupita upande huo huo, lakini mitaa yake imejaa magari yenye usukani wa kulia yaliyofika kwa njia ya Dar es Salaam.

Matokeo yake ni kwamba gari lililokataliwa Mombasa kwa kuzidi umri kwa mwaka mmoja hupokelewa Dar es Salaam kwa kulipiwa zaidi. Halijabadilika hata skrubu moja. Kilichobadilika ni mpaka. Jambo hili linashangaza zaidi ukikumbuka kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweza kukubaliana kuhusu mafuta yenyewe: tangu Januari 2015 Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zimekuwa na kiwango kimoja cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kilichokubaliwa ni kinachoingia kwenye tanki. Kinachotoka kwenye bomba la moshi kila nchi imebaki nacho kivyake. Huko Afrika Magharibi, jumuiya ya ECOWAS ilipitisha mwaka 2020 kanuni za pamoja zinazotaka gari linaloingizwa litimize kiwango cha moshi cha Euro 4, yaani kipimo cha gari lenyewe na si cha hati zake pekee. Utekelezaji wake ni hadithi nyingine, lakini swali liliulizwa mahali panapostahili.

Hoja ya umri si ya kupuuzwa. Gari la zamani sana halina vifaa vya usalama vilivyo katika gari jipya, na teknolojia ya injini imesonga mbele. Kikomo cha umri pia ni vigumu kukihonga kuliko mkaguzi. Hata hivyo kikomo hicho hufanya kazi siku moja tu, siku ya kuingia. Gari lililoingia Kenya likiwa na miaka 7 litaendelea kutembea miaka 15 au 20 mingine, na katika miaka hiyo yote hakuna tarehe ya kutengenezwa itakayomwambia mwenyewe kwa nini mafuta hayamtoshi.

Kabla ya kuilaumu injini

Mafundi wenye uzoefu husema nusu ya magari yanayoletwa kwa kosa la kula mafuta hayajapimwa. Mwenyewe amehisi. Amezoea noti fulani impeleke kwa siku nne, sasa inampeleka siku tatu, naye husahau kwamba bei ilipanda katikati ya mwezi. Kipimo cha kweli hakihitaji chombo: tanki hujazwa hadi pampu ijikate, kilomita zikaandikwa, gari likatumika kama kawaida kwa siku kadhaa, kisha likajazwa tena kwenye pampu ile ile. Kilomita zilizotembewa hugawanywa kwa lita zilizoingia. Likifanyika hilo mara tatu mfululizo, mwenendo hujidhihirisha.

Hapo ndipo baadhi ya magonjwa hupona yenyewe. Kuna gari ambalo kosa lake liko kwenye pampu ya kituo: lita 20 zinazosomwa kwenye kioo si lita 20 zinazoingia. Kubadili kituo kwa wiki mbili hufichua hilo bila kufungua boneti. Kuna lililovishwa matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani. Tairi kubwa huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, kwa hiyo dashibodi huhesabu kilomita pungufu. Mzingo wa tairi ukizidi kwa asilimia 5, gari litaonekana limepoteza karibu asilimia 5 ya kilomita zake, na hakuna hata tone lililomwagika.

Tena kuna wanaolinganisha na namba isiyowahi kuwa ya kweli. Magari mengi ya Japan ya kabla ya 2011 yaliuzwa yakiwa na takwimu za kipimo kilichoitwa 10-15, ambacho kilifanyika maabara, kwa mwendo mdogo, injini ikiwa imekwisha pata moto. Gari lililoandikiwa kilomita 18 kwa lita katika kipimo hicho halikufikisha 18 hata kwa mwenye gari wa kwanza kule Osaka. Kulidai kilomita hizo kwenye barabara ya kutoka Bujumbura kupanda Bugarama, kutoka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni kulionea.

Upepo wa matairi ni jambo dogo linalotajwa kila mahali, na udogo wake wenyewe haujulikani. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba kila upungufu wa kipimo kimoja cha upepo, zile namba za 28, 30 au 32 zinazosomwa na wajaza upepo, ukiwa katika matairi yote manne, hupunguza kilomita kwa takribani asilimia 0.2. Matairi yaliyopungukiwa na vipimo 10 hayaelezi basi hata robo ya hasara ya dereva wa kilomita 11. Wizara hiyo hiyo ilionyesha jambo litakalowaudhi wauza vipuri: katika gari la sindano, chujio la hewa lililochafuka hupunguza nguvu ya kuchomoka, lakini halibadilishi sana ulaji wa mafuta, kwa kuwa kompyuta ya gari hupunguza mafuta hewa inapopungua. Yaliyokuwa yakiumia ni magari ya kabureta. Mafundi walirithi ushauri ule kutoka zama za kabureta na bado wanautoa, na mteja hulipia chujio jipya akarudi na tatizo lile lile.

Kifaa kidogo kinachong'olewa

Kama kuna kosa moja ambalo gereji za ukanda huu zimelifanya kuwa desturi, ni kung'oa themostati. Hiki ni kilango kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, hujifunga ili maji yasiende kupozwa. Joto likifika nyuzi 80 na kitu, hufunguka. Kikikwama kimefungwa, injini huchemka. Mafundi walioona injini nyingi zikiungua gasketi walihitimu kwamba kilango hicho ni adui, na kwamba katika nchi ya joto hakina kazi. Hukitupa, wakafunga bomba, gari likaacha kuchemka, na mteja akaondoka akishukuru.

Tatizo ni kwamba injini ya sindano huongozwa na kompyuta inayosoma joto la maji. Maji yakiwa ya uvuguvugu, kompyuta huamini kwamba ni asubuhi na gari ndiyo kwanza limewashwa, nayo huendelea kumwaga mafuta ya ziada kama inavyotakiwa kwa injini baridi. Katika magari mengi ya giaboksi ya kujibadilisha, huzuia pia gia ya juu isijifunge mpaka joto litimie. Gari hutembea mchana kutwa likijiona limeamka sasa hivi. Dar es Salaam joto la nje hupunguza madhara. Kwenye vilima vya Rwanda na Burundi, au Nairobi mwezi wa Julai, injini isiyo na themostati huweza isifikie joto lake kamili katika safari fupi za mjini.

Ishara yake inaonekana na yeyote: sindano ya joto kwenye dashibodi hukaa chini ya katikati, na ikipanda kwenye foleni hushuka mara gari linaposhika kasi. Kipuri chenyewe ni cha bei ndogo. Kinachokosekana mara nyingi ni chanzo cha kuchemka kule kwa mwanzo, yaani rejeta iliyozibwa na kutu kwa sababu ilijazwa maji ya bomba badala ya kulanti, au feni isiyozunguka. Fundi aliyeng'oa themostati aliondoa dalili na kuacha ugonjwa, kisha akaongeza ugonjwa wa pili.

Kosa la pili kwa uzito ni sensa ya oksijeni, iliyopachikwa kwenye bomba la moshi. Kazi yake ni kuonja moshi na kuiambia kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua. Ikizeeka huwa mvivu. Ikifa, kompyuta hukata tamaa na kurudi kwenye kipimo cha kukisia, ambacho makusudi huegemea upande wa mafuta mengi ili injini isiharibike. Makadirio ya Marekani ni kwamba kurekebisha hitilafu kubwa ya aina hii, kama sensa iliyokufa, kunaweza kurudisha hadi asilimia 40 ya kilomita. Hakuna ugonjwa mwingine wa kawaida unaokaribia hapo. Nao hutangazwa waziwazi na taa ya injini kwenye dashibodi, ile ambayo katika magari mengi ya teksi huzibwa kwa kipande cha utepe mweusi au kung'olewa balbu kabla ya gari kuuzwa. Mnunuzi mwenye busara huwasha ufunguo kabla ya injini na kuhakikisha kwamba taa hiyo inawaka kwanza, kisha inazimika. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka.

Baada ya hayo mawili hufuata yale yanayojulikana: plagi zilizolika, koili inayoruka cheche, nozeli inayovuja, hewa inayoingia kwa mpira uliopasuka. Breki zinazobana husahaulika, ingawa hujulikana kwa kuendesha kilomita chache bila kukanyaga breki kwa nguvu, kisha kusogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, kalipa yake imekwama. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 na 2000 hubaki pia kile kitufe kidogo kwenye mkono wa gia kinachowasha maandishi ya O/D OFF. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, gari halitaingia gia ya juu kamwe, na kuna watu walioishi hivyo kwa mwaka mzima.

Mafuta yenyewe

Wakati mwingine gari halina hatia. Neno uchakachuaji, lililovuma Tanzania mwaka 2010 kiasi cha kuhamia kwenye siasa za uchaguzi, lilienea kutokana na petroli na dizeli zilizochanganywa na mafuta ya taa. Sababu ilikuwa ya kikodi: mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kwa ajili ya wanyonge, na tofauti hiyo ya bei ikawa biashara. Tanzania ilianza mwaka huo huo kutia alama maalumu katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi faida ya kuchanganya ikapungua sana. Kenya ilifuata njia hiyo mwaka 2018 kwa kuweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Maskini wa taa ya chemni ndiye aliyelipa gharama ya kulinda injini za wenye magari, jambo ambalo halikuzungumzwa vya kutosha katika nchi zote mbili.

Petroli iliyotiwa mafuta ya taa haikosi nishati. Inachokosa ni uvumilivu: huwaka kabla ya wakati, injini ikagonga, hasa mlimani. Gari lenye sensa ya mgongo huchelewesha cheche ili lijinusuru, na kwa kuchelewesha hupoteza nguvu, dereva akakanyaga zaidi. Masizi hujaa kwenye plagi na kwenye sensa ile ile ya oksijeni. Kwa hiyo tanki chache za mafuta mabaya huweza kuacha kosa linalodumu hata baada ya mafuta mazuri kurejea, na hapo fundi na mwenye gari hutafuta mchawi asiyekuwapo tena.

Kwa Bujumbura hili si la kinadharia. Petroli inayovuka mpaka usiku katika madumu haina alama ya mamlaka yoyote, haina kipimo kilichothibitishwa, na mara nyingi imelala juani. Mnunuzi hana pa kuipeleka kulalamika.

Moshi unasema nini

Katika majirani wote, Rwanda ndiyo iliyokaribia kuuliza swali la pili. Magari huko yamekuwa yakipita ukaguzi wa kiufundi wa mara kwa mara kwa miaka mingi, na mwaka 2025 kipimo cha moshi kiliongezwa kwa lengo la kusafisha hewa ya Kigali. Limetangazwa kama jambo la mazingira na afya, na ni kweli. Lakini kwa mwenye gari kipimo hicho kina faida nyingine ambayo haijaelezwa ipasavyo: moshi ni taarifa ya matumizi ya mafuta.

Gari la petroli la sindano, likiwa na kataliti nzima, yaani kile kichujio kilichomo katika bomba la moshi, hutoa monoksidi ya kaboni isiyozidi nusu ya asilimia moja ya moshi likiwa limesimama. Gesi hiyo ni mafuta yaliyoungua nusu. Ikifika asilimia 3 au 4, mafuta yanayoingia ni mengi kuliko hewa, na fundi anajua aanzie wapi: sensa ya oksijeni, joto la maji, nozeli. Zikiwa juu hidrokaboni, yaani mafuta yasiyoungua kabisa, aangalie plagi na koili. Vyote viwili vikiwa chini na gari bado linakula, injini haina kosa. Aende kwenye breki, matairi, giaboksi au kwenye pampu ya kituo. Dakika chache za kipimo huondoa siku tatu za kubahatisha, na kubahatisha huko ndiko kunakomgharimu mteja vipuri vitano kabla ya kufikia kilichoharibika.

Tatizo ni kwamba ukaguzi wa serikali, popote ulipo, hupenda kutoa jibu la kupita au kutopita. Karatasi inayomwambia mwenye gari kwamba ameshindwa humpeleka kutafuta njia ya kupita, na kila nchi yenye ukaguzi huijua hila ya kuazima kifaa kwa siku moja. Karatasi inayomwonyesha namba zake, ikamweleza kwamba sehemu fulani ya pesa anazotia kwenye tanki inatoka nyuma ikiwa moshi, ina uwezekano mkubwa zaidi wa kumpeleka kwa fundi. Kenya ina viwango vya moshi katika kanuni zake za ubora wa hewa za mwaka 2014, lakini kwa dereva wa kawaida kipimo hicho hakijawa jambo la kukutana nalo barabarani. Tanzania na Uganda zimeelekeza nguvu zaidi mlangoni, kwenye ushuru na umri.

Dar es Salaam imepata mtihani wake wa aina nyingine. Madereva wengi wa teksi na bajaji wamehamia gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, ambayo ni nafuu kuliko petroli, na foleni zake zimekuwa ndefu kwa sababu vituo ni vichache. Nafuu hiyo ni ya kweli. Lakini mafundi wa mitambo ya gesi wanajua kwamba gesi huhitaji cheche yenye nguvu kuliko petroli. Gari lenye koili dhaifu na plagi zilizochoka, lililokuwa likilalamika polepole kwenye petroli, huanza kukohoa waziwazi kwenye gesi. Anayebadili mafuta ili kukimbia ugonjwa wa injini huukuta unamngoja, tena akiwa ameshalipia mtungi.

Kinachowezekana sasa

Mashine ya kupima moshi ni ghali kwa gereji ya watu watatu. Kifaa cha kusoma makosa ya kompyuta kwa kuchomeka chini ya dashibodi kimeshuka bei na kimeenea, ingawa magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japan kabla ya 2008 hayasomeki vizuri kwa vifaa vya bei nafuu, na hayo ndiyo yaliyojaa Buyenzi. Kwa magari hayo fundi hubaki na sikio, pua, kiganja na sindano ya joto, ambavyo si vitu vidogo kwa mtu aliyefundishwa vizuri. Gereji chache zinazoshirikiana zingeweza kununua mashine moja ya moshi na kutoza ada ndogo kwa kila kipimo. Hilo halihitaji kusubiri sheria ya Jumuiya.

Kuna ugumu mmoja ambao dereva wa Bujumbura anao na mwenzake wa Kigoma hana. Njia ya kujaza tanki mara mbili hudai kituo chenye mafuta ya kutosha kujaza tanki. Anayepata lita 10 leo na 7 wiki ijayo, nyingine za pampu na nyingine za dumu, hawezi kuifuata. Kwake inafaa kuandika tu, bila kukisia: tarehe, kilomita zilizosomwa, lita zilizoingia, na zilikotoka. Hesabu ya wiki moja haitaaminika, kwa sababu kilichobaki kwenye tanki hakijulikani. Ya miezi mitatu itaaminika, kwa kuwa lita chache zisizojulikana mwanzoni na mwishoni humezwa na mamia yaliyo katikati. Daftari hilo likiwa limepangwa kwa chanzo cha mafuta, litaonyesha pia kama kilomita hushuka katika wiki za madumu peke yake au katika wiki zote, na fundi atakayelisoma atajua kama anapaswa kufungua injini au kuiacha ilivyo.